Oktoba ya Muvi za Kutisha Mjini Moshi: Namna ya Kuzitazama na Kuzipa Alama

Halloween ni usiku mmoja, tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Chimbuko lake ni Samhain, sikukuu ya kale ya watu wa Ireland na Uskochi ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, wakati ambao waliamini roho za wafu zinasogea karibu na makazi ya walio hai. Wahamiaji waliibeba hadi Marekani, na huko ikapata maboga ya kuchongwa, mavazi ya kutisha na pipi za watoto. Hapa Moshi hayo hayakushika. Tarehe hiyohiyo Walutheri wanakumbuka Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1517, na Wakatoliki wanajiandaa na Misa ya kesho yake. Kilichotufikia kwa nguvu ni muvi.

Kwa wapenzi wa muvi za kutisha, Oktoba ndio mwezi wa kukaa chini na kuzitazama kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, na kuzipa alama. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya hivyo akiwa Majengo, Pasua, Soweto, Rau, au huko juu Kibosho na Uru, kwa vifaa tulivyonavyo na hali ya hewa tuliyonayo. Na kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko yote: muvi ya kutisha ipewe alama mara mbili, usiku inapokwisha na asubuhi ya kesho yake. Usiku unaandika moyo ukiwa bado unadunda. Asubuhi unaandika kilichobaki. Ukizilinganisha hizo mbili ndipo unapojua muvi ilikufanya nini.

Hatua ya kwanza: orodha iwe tayari kabla ya tarehe 1

Usijipangie muvi 31. Wanaofanya hivyo wakifika katikati ya mwezi wanatazama ili wamalize tu, macho mekundu, na kesho kuna kazi. Chukua 12. Mbili kila wiki, Ijumaa na Jumamosi, kwa wiki nne, halafu nne mfululizo kuanzia tarehe 28 hadi 31. Hapo unabaki na muda wa kuifikiria kila moja, na ukipata msiba au mgeni unaweza kusogeza usiku mmoja bila kuvuruga mwezi mzima.

Orodha iwe na mchanganyiko wa aina, wa nchi na wa miaka. Ukitazama muvi nne za pepo mfululizo, ya tano hata ikiwa nzuri kiasi gani itaambulia alama ndogo, kwa sababu umeshazoea mlango unaojifunga wenyewe. Orodha ninayoipendekeza ni hii, kwa mpangilio wa kutazama: Nosferatu (1922), Night of the Living Dead (1968), Psycho (1960), The Blair Witch Project (1999), Shumileta ya hapa kwetu, His House (2020), A Quiet Place (2018), Ringu (1998), Get Out (2017), Us (2019), Train to Busan (2016), na Halloween (1978) usiku wa tarehe 31. Badilisha majina upendavyo, ila mchanganyiko usiuguse.

Za kigeni zote humo hazifiki saa mbili, na The Blair Witch Project ni dakika 81 tu. Nimezichagua fupi makusudi. Ukianza saa mbili usiku, saa nne mmeshaandika alama na wageni wako njiani kurudi makwao.

Hatua ya pili: kuzipata

Kwenye Netflix, picha ya kiwango cha kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ya HD hadi GB 3. Kwa vichekesho au muvi za mapenzi, kiwango cha kawaida kinatosha kabisa. Muvi ya kutisha ni kesi nyingine. Nusu yake iko gizani, na picha iliyobanwa sana inageuza giza kuwa vibokisi vyeusi na vya kijivu vinavyochezacheza. Aliyesimama kwenye kona humwoni, na mwongozaji alitaka umwone kwa shida, si usimwone kabisa. Kwa hiyo bando lako ligawe: za zamani za nyeusi na nyeupe zichukue kwa kiwango cha kawaida, zenye giza nene zipakue mapema kwa HD pale unapopata intaneti nzuri.

Mbili za kwanza kwenye orodha zipo YouTube bila kulipia. Nosferatu ilitengenezwa Ujerumani kwa kuchukua hadithi ya Dracula bila ruhusa; mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa hadithi hiyo, akaenda mahakamani, ikaamriwa nakala zote ziteketezwe, lakini baadhi zilisalimika na ndizo tunazotazama leo. Night of the Living Dead ina kisa chake. Wasambazaji walibadilisha jina la muvi dakika za mwisho, na kwenye jina jipya tangazo la hakimiliki halikuwekwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hilo lilitosha kuifanya mali ya umma.

Kama unawekewa muvi kwenye flashi dukani, usiondoke kabla hujaijaribu. Fungua mwanzo, katikati na mwisho, dakika moja moja. Angalia kama midomo na sauti vinakwenda pamoja, na kama si nakala iliyorekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema, maana hizo huwa na kikohozi cha watu kwenye kila kimya. Na uliza kama imetafsiriwa. Naipenda sana kazi ya watafsiri wa muvi. Marehemu Lufufu aliifanya kuwa sanaa, na wengi wetu tulijua steringi ni nani na adui ni nani kwa sauti za watu kama yeye. Kwa kutoa alama, hata hivyo, tafuta ile ya asili. Mtafsiri anajaza kimya, na kwenye muvi ya kutisha kimya ndicho kinachofanya kazi.

Hatua ya tatu: chumba

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiwa na hela ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha sauti. Luninga ndogo yenye sabufa nzuri inatisha kuliko luninga kubwa yenye spika zake za nyuma. Hii si hisia yangu tu. Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka tukio la bafuni katika Psycho lipite bila muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika muziki wa ala za nyuzi pekee, akamsikilizisha, na Hitchcock akabadili mawazo. Ukifika tukio hilo, litazame mara moja na sauti, halafu lirudie ukiwa umezima sauti. Utaona picha zinazokatwakatwa haraka, kisu, pazia, maji, na hofu haipo.

Sabufa usiibane kwenye kona ya chumba. Kona inavimbisha besi na kufunika maneno. Iweke mbele, upande mmoja wa luninga. Besi ishushe chini ya pale unapoiweka kwa bongo fleva. Kipimo cha sauti ni mnong'ono: mtu akinong'ona kwenye muvi, aliyekaa mbali zaidi asikie kila neno. Ukishapata kiwango hicho, weka rimoti mbali. Anayepunguza sauti kila mara anapohisi jambo linakuja hajaitazama muvi.

Halafu kuna mvua. Vuli inaweza kuanza Oktoba hiyohiyo, na huku juu mlimani inakuja mapema na kwa kelele. Nyumba zetu nyingi ni za bati. Mvua ikishika, hata sabufa inazidiwa, na A Quiet Place, ambayo hadithi yake nzima ni watu wanaoishi bila kutoa sauti kwa sababu viumbe vinawinda kwa kusikia, inakufa palepale. Ndiyo maana nashauri kila wiki uwe na muvi moja ya kelele ya akiba. Angalia mlima saa kumi na moja jioni. Ukiona mawingu yameshuka mpaka chini, ahirisha ya kimya, leta ya mazombi. Train to Busan inastahimili mvua vizuri kabisa; treni yenyewe inanguruma mwanzo mwisho.

Giza kwetu si shida, saa moja na nusu jioni tayari kumefunga mwaka mzima. Zima taa ya chumba, acha taa ndogo nyuma ya luninga ili macho yasichoke, na simu zote zilale kifudifudi. Usiongeze mwanga wa luninga. Chakula kiwe kisicho na kelele. Bisi zimalizwe kabla muvi haijaanza, karanga za maganda zibaki jikoni. Mtori kwenye kikombe ni bora kuliko vyote: unashiba, una joto, na hausikiki.

Umeme ukikatika katikati, mkikaa chini ya nusu saa endeleeni, ila rudisheni nyuma dakika kumi ili hofu ipande tena taratibu. Ukizidi hapo, acheni. Muvi iliyokatwa haipewi alama usiku huo. Inaanza upya siku nyingine.

Hatua ya nne: watu

Wanne au watano wanatosha. Wakizidi, mmoja atakuwa anaongea.

Watoto wawe wamelala kweli, na kumbuka kuwa kwenye nyumba nyingi sauti inapita juu ya silingibodi na kushuka chumba cha pili. Kama wanalala jirani na sebule, tumia spika za masikioni au hamia kwa rafiki. Wakitaka na wao kushiriki, wape yao Jumamosi mchana: Coraline (2009) inatisha kwa kiasi chao, na kaeni nayo pamoja mpaka mwisho. Kabla ya kuamua, angalia daraja la umri. Kwa Marekani alama ya R ina maana kuwa aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima tu, na hapa nchini Bodi ya Filamu ndiyo yenye kazi ya kupanga madaraja.

Suala la imani lichukulie kwa heshima. Kuna watu ambao pepo na majini kwao si hadithi, na wana haki ya kutotaka vitu hivyo vichezwe ndani ya nyumba. Bibi akisema muvi ya mashetani haichezwi kwake, haichezwi. Mna za wauaji, za viumbe na za mazombi, hamtapungukiwa. Na anayetaka kutoka nje katikati ya muvi atoke bila kuchekwa. Anayebanwa abaki anaacha kutazama na kuanza kuangalia sakafu, na alama yake haina maana tena.

Wanaorudi kwao kwa miguu kupitia migombani waondoke wawili wawili. Jani kavu la mgomba likisuguana na lenzake usiku linatoa sauti ya mtu anayekokota miguu, na baada ya Night of the Living Dead hutaki kuwa peke yako hapo.

Hatua ya tano: daftari na alama

Nunua daftari la kawaida la kurasa 48. Kila muvi ukurasa wake. Juu andika jina, mwaka, aliyeiongoza, na hali ya usiku ule: mvua, watu wangapi, ulikuwa umechoka au hujachoka. Chini yake weka sehemu nne.

Ya kwanza ni mishtuko. Kila muvi inapokurusha kwenye kiti, chora kijistari. Usiipe alama yoyote, hesabu tu. Kushtuka na kuogopa ni vitu viwili. Mtu yeyote akipiga sufuria nyuma yako utaruka, na hakuna atakayemsifu kwa ufundi. Hitchcock aliwahi kueleza tofauti hiyo kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua, unapata sekunde 15 za mshtuko; ukimwonyesha mtazamaji bomu kwanza, kisha ukawaacha watu mezani waendelee na maongezi yao, unapata dakika 15 za roho juu. Muvi yenye vijistari vingi na alama ndogo ya hofu ni muvi ya masufuria.

Ya pili ni hofu ya usiku, kuanzia 0 hadi 10. Iandike majina ya wahusika yanapoanza kupanda, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Hili ni la lazima. Mmoja akisema tu "aah, ya kawaida," wote watashusha. Kila mtu aandike kwenye karatasi yake, akunje, aweke mezani, ndipo taa iwashwe na maongezi yaanze.

Ya tatu ni ufundi, nayo 0 hadi 10. Hapa hujiulizi kama uliogopa. Unajiuliza kama waigizaji waliaminika, kama kamera ilijua inachotaka, kama mwisho ulitokana na mwanzo. Andika sababu moja kwa kila alama, sentensi moja inayotaja tukio mahususi. "Nzuri sana" si sababu. "Pale anapokaa kimya mezani mpaka mwenzake anaanza kutetemeka" ni sababu.

Ya nne ni alama ya asubuhi. Usisome ya usiku kwanza. Ukiwa na chai mkononi jiulize ni picha gani ilikujia ulipoamka, uliangalia kitasa cha mlango mara ngapi kabla ya kulala, na je, unaweza kumsimulia mtu hadithi yote bila kukwama. Kisha andika.

Utashangaa jinsi zinavyopishana. Tulipotazama The Blair Witch Project, shemeji yangu, fundi magari wa Pasua, aliipa 3 usiku. Alilalamika kuwa vijana watatu wanazunguka msituni na kamera, wanagombana, na hakuna kitu kilichoonekana. Asubuhi akapiga simu mapema.

"Shem, ile ya msituni niandikie nane."

"Imekuwaje tena?"

"Vile vijiti vilivyofungwa kama watu, vilivyoning'inia mitini. Nimetoka alfajiri, nimeona matawi makavu kwenye ua wa jirani, nimesimama pale sijui dakika ngapi. Niandikie nane."

Hiyo ndiyo alama inayosema kweli kuhusu muvi ile. Na kinyume chake kipo: muvi inayokufanya ukumbatie mto usiku, halafu asubuhi huwezi kukumbuka hata jina la steringi. Zote mbili zina haki ya kuwepo kwenye orodha, lakini huwezi kuzitofautisha ukiwa na alama moja tu.

Weka vigingi vitatu mapema. Chagua muvi za kutisha ambazo unazijua tayari: moja unayoipa 3, moja 6, moja 9. Kila mpya ilinganishe na hizo, iko juu ya ipi na chini ya ipi. Bila vigingi, muvi ya kwanza utaipa 8 kwa furaha ya kuanza na ya kumi utaipa 5 kwa uchovu. Na katika kundi letu alama 7 imepigwa marufuku. Saba ni mahali pa kujificha. Mtu asiyetaka kuamua anaandika saba. Ukiinyima, analazimika kusema kama ni 6 au ni 8, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoanza.

Msitafute wastani wa kundi. Muvi iliyopewa 2 na mmoja na 9 na mwingine ina mengi ya kuongelewa kuliko ile ambayo wote wameipa 6, na wastani unafuta hilo kabisa. Andikeni ya chini na ya juu, basi.

Hatua ya sita: wiki kwa wiki

Wiki ya kwanza ni ya msingi. Nosferatu haina sauti ya maneno, ina vibao vya maandishi tu, kwa hiyo mteue mmoja mwenye sauti nzuri asome na kutafsiri kila kibao kinapotokea. Ni muvi pekee kwenye orodha ambayo mtafsiri anaruhusiwa. Angalieni kivuli cha Count Orlok, mnyonya damu wa muvi hii, kikipanda ngazi. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado waongozaji wanakiiga. Kesho yake, Night of the Living Dead. George Romero aliitengeneza kwa kama dola 114,000, akampa Duane Jones, mtu mweusi, nafasi ya steringi mwaka 1968, na haiba ya Jones inabeba nyumba nzima. Sisi tumekua na kauli kwamba steringi hafi. Itazameni mkiwa mmeiweka kauli hiyo pembeni, na asiyeiona asisimuliwe.

Kabla ya kutoa alama, linganisheni zombi wa Romero na msukule wa hadithi zetu. Zombi wa Romero anakula watu, na hofu ni kuliwa. Msukule ni ndugu yako, anayesemekana kufichwa na kutumikishwa, na anayeogopwa ni yule anayemmiliki. Zombi wa asili, wa Haiti, alikuwa kama msukule: maiti iliyoinuliwa ili ifanye kazi shambani, hofu iliyozaliwa katika nchi ya watumwa. Ukilijua hilo, utaipa alama muvi ya zombi kwa macho mengine.

Wiki ya pili ni Psycho na The Blair Witch Project, na sababu ya kuziweka pamoja ni kwamba ya kwanza imepangwa kila sekunde na ya pili waigizaji wenyewe walishika kamera na kubuni maneno mengi. Hapo ndipo alama ya ufundi inapopata mtihani.

Wiki ya tatu ni ya nyumbani. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, wakati Bongo muvi inaanza kutembea kwenye kanda, na waliozitazama wakiwa wadogo bado wanazitaja kwa sauti ya chini. Ukizitazama leo utaona mapodozi na hila za kamera waziwazi. Alama ya ufundi itoe kwa haki, usipendelee. Ya hofu usiipunguze kwa sababu ya meno ya bandia. Jini la kike linaloingia kwenye mapenzi ya watu linagusa mahali ambapo mnyonya damu wa Ulaya hafiki, kwa sababu kila mtu hapa ana shangazi aliyewahi kusimulia kisa kama hicho na kutaja mtaa.

Ifuatie His House, ya Remi Weekes. Mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini wanapewa nyumba Uingereza, na ndani ya kuta kuna kitu kilichowafuata kutoka kwao, mchawi wa usiku anayeitwa apeth. Kwangu hii ndiyo muvi bora kwenye orodha nzima. Mzungu kwenye muvi za nyumba zenye mizimu huulizwa kila mara kwa nini hahami. Hawa wawili hawawezi kuhama, wakihama wanapoteza hifadhi. Hofu ya mzimu na hofu ya ofisi ya uhamiaji zinakaa sebule moja. Wunmi Mosaku anapomsimulia mumewe habari za apeth, tazama uso wake, usitazame maandishi ya chini.

Wiki ya nne: A Quiet Place ikiwa mvua imenyamaza, na Ringu ya Hideo Nakata, ambayo kanda ya video inamuua anayeitazama baada ya siku saba. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video enzi za kanda ataielewa haraka kuliko mtoto wa simu.

Tarehe 28, Get Out. Ongezeni sauti tangu mwanzo. Wimbo wa majina ya mwanzoni, alioutunga Michael Abels, umeimbwa kwa Kiswahili: sikiliza kwa wahenga. Ni onyo kwa Chris, kijana mweusi anayekwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake mzungu. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi Waganda, anaigiza nafasi hiyo, na Chris halielewi onyo hilo. Sisi tunalielewa tangu dakika za kwanza, na muvi nzima inakaa vingine kwa ajili hiyo. Jordan Peele, aliyeiandika na kuiongoza, alipata Oscar ya mswada asilia kwa kazi hii. Kesho yake tazameni kazi yake nyingine, Us, ambamo Lupita Nyong'o anaigiza mama na pacha wake wa kutisha. Kwenye ukurasa wa usiku huo ongezeni mstari mmoja: mlijuaje, bila kuangalia nguo, ni yupi yuko mbele yenu? Tarehe 30 ni Train to Busan, na leso ziwe karibu, maana kipande cha mwisho kinaliza.

Hatua ya saba: tarehe 31, na siku inayofuata

Halloween ya John Carpenter ilitengenezwa kwa dola zisizofika 400,000. Barakoa ya muuaji ilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, ikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa macho. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, kwa mapigo yanayohesabiwa matano matano, yanayomfanya msikilizaji ahisi hatua moja imepotea. Jaribuni kugonga meza kwa kuufuatisha. Hadithi ni ya Oktoba, majani yakianguka, ila walipiga picha California majira ya machipuko, wakapaka majani rangi, wakayamwaga barabarani, na baada ya tukio wakayakusanya ili yatumike tena. Tazameni pia jinsi muuaji anavyoonekana mchana kweupe, mbali, amesimama tu kando ya ua. Usiku ule hesabuni mishtuko na mlinganishe na ya mwezi mzima. Muvi nyingi za wauaji zilizofuata ziliiga kisu, chache ziliiga ule umbali.

Tarehe 1 Novemba, baada ya kanisa kwa wanaokwenda, andikeni majina ya muvi zote 12 kwenye vipande vya karatasi. Kila mmoja azipange mezani kuanzia bora hadi ya mwisho bila kufungua daftari. Kisha fungueni na mlinganishe mpangilio huo na alama za asubuhi. Pale vinapopishana, fuateni karatasi, kwa sababu mwezi mzima umeshapita juu yake, na mrekebishe vigingi vyenu vya 3, 6 na 9 kwa ajili ya mwaka ujao. Tatu za juu waonyesheni watu ambao hawakuwepo, bila kuwaambia mlizipa ngapi. Alama yao iandikwe kwenye ukurasa uleule, chini ya yenu, kwa kalamu ya rangi nyingine.